Lita 25 au 35, la puto au la kawaida: kuchagua begi la skii ya mlimani kwa safari ya siku moja

Begi la kwendea skii nje ya njia zilizosawazishwa lina kazi moja ambayo mabegi mengine ya mgongoni hayana: mwenzako akifukiwa na theluji, beleshi na fimbo ya kutafutia vitoke humo papo hapo. Nafasi, uzito, mifuko na bei vinafuata nyuma. Mtu aliyefukiwa mwili mzima akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, uwezekano wa kumkuta hai unazidi asilimia 90. Ikifika nusu saa umeshuka hadi karibu theluthi moja, kwa kuwa wengi huishiwa hewa. Katika dakika hizo 10 kuna kumtafuta kwa transiva (kifaa kidogo cha mawimbi ambacho kila mmoja huvaa mwilini), kuna kumchomea fimbo mpaka umguse, na kuna kuchimba mita moja au zaidi ya theluji iliyoshindiliwa kama saruji. Muda wa kupapasa zipu haumo.

Tunalinganisha hapa aina nne zinazouzwa kwa wapanda milima wa Alps, Norway na safu za Rocky: begi jepesi la lita 18 hadi 25, begi kamili la lita 28 hadi 35, begi lenye puto (la kukubakiza juu ya theluji inayoporomoka) linalojazwa kwa mtungi wa gesi, na begi lenye puto linalojazwa kwa umeme. Lakini kwanza tuliondoe njiani lile la tano, ambalo tayari liko nyumbani.

Begi la kutembea, ambalo unalo tayari

Anayeanza mchezo huu akiwa Munich, Oslo au Calgary mara nyingi ana begi zuri la kutembea, pengine lile lile lililopanda Kilimanjaro. Huko lilibeba maji, koti la mvua na kamera, mzigo mkubwa uko kwa mpagazi. Huku hakuna mpagazi, na begi lenyewe halikushonwa kwa theluji.

Ligeuze utazame mgongo wake. Mengi yana wavu uliovutwa kwenye fremu ili upepo upite kati ya mgongo na mzigo. Kwenye unyevu wa msitu wa Machame, hiyo ni neema. Thelujini, kila unapoliweka begi chini chembe zinaingia kwenye ule uwazi, zinayeyushwa na joto la mwili, koti linalowa, na kwenye kituo kinachofuata wavu umeganda. Uwazi huo pia unausukuma mzigo nyuma sentimita kadhaa. Ukikata kona kwa kasi, begi linachelewa kukufuata, kisha linafika kwa kishindo na kukuvuta upande usiotaka. Begi la skii lina mgongo wa povu bapa, kitambaa chake ni laini kisichoshika theluji, na linakaa limegandamana na mwili.

Mifuko ya wavu ya pembeni hujaa theluji. Kifuniko cha juu hugonga helmeti kwa nyuma ukitazama mbele kwenye mteremko. Zile kamba nyembamba za kuning'inizia mikongojo hukatwa na makali ya chuma ya skii baada ya safari chache. Yote hayo unaweza kuyavumilia. Usiloweza kulivumilia ni kwamba beleshi litakuwa chini ya jaketi, chini ya mkate, chini ya chupa ya chai.

Mfuko wa uokoaji: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Begi la kweli la skii lina mfuko wa peke yake, kwa kawaida upande wa nje, wenye zipu yake na vijumba viwili vya ndani: kimoja cha mpini wa beleshi, kingine cha fimbo. Bamba la beleshi linakaa katikati likiwa bapa. Chini kuna tundu dogo la kutolea maji. Kwenye mabegi yaliyofikiriwa vizuri, kitambaa cha ndani au kivutio cha zipu ni chekundu au cha machungwa, ili hata mgeni aliyechukua begi lako ajue pa kushika.

Pima kwa vifaa vyako mwenyewe, maana hapa ndipo mabegi madogo yanapofeli. Mpini uliokunjwa huwa na sentimita 45 hadi 50. Fimbo ya sentimita 240 ikikunjwa inakuwa kama 40 hadi 45, ile ya sentimita 300 au 320 inazidi hapo. Katika baadhi ya mabegi ya lita 18 hadi 22 mpini unaingia kwa kulazimishwa, ukikaa mshazari na kuisukuma zipu. Zipu inayosukumwa kwa ndani ndiyo inayogoma siku ya baridi kali. Beleshi lenyewe liwe la alumini. Bamba la plastiki hurudi nyuma likikutana na theluji iliyoporomoka.

Tazama pia ni mikanda mingapi inayopita juu ya zipu ya mfuko huo. Kuna mabegi mepesi ambayo mkanda wa kukaza mzigo na ndoano ya kubebea skii vyote vinakatiza hapo. Ina maana lazima ufungue klipu mbili kabla hujaanza zipu, na mikono ikiwa ndani ya glavu nene klipu ndogo ya sentimita moja na nusu haifunguki. Tungekataa begi kwa kosa hilo peke yake, hata kama mengine yote ni mazuri.

Jaribio la dukani ni hili: vaa begi lililojazwa, vaa glavu zako, mwambie mtu ahesabu. Livue, lifungue, unganisha fimbo, unganisha beleshi. Sekunde 30 ni nyingi. Muuzaji atakutazama, wacha atazame.

Mambo mawili ya kutofanya. Usilifunge beleshi nje ya begi kwa mpira wa kuvutika, kwa kuwa ukibiringika linakwenda zake. Na usiiweke transiva ndani ya begi la aina yoyote, hata lenye mfuko unaoonekana kama umetengenezewa kazi hiyo. Kifaa hicho kinachorusha mawimbi ya kilohezi 457 kinavaliwa mwilini, chini ya koti, kwa kuwa poromoko linaweza kukung'oa begi mgongoni, na waokoaji wakaja kuchimbua begi.

Lita 22 dhidi ya lita 30

Hesabu mzigo kabla ya kuhesabu lita. Siku moja ya kawaida ya Februari huko Tirol (Austria) au Valais (Uswisi), mtu hubeba beleshi (gramu 600 hadi 800), fimbo (gramu 250 hadi 350), jaketi la joto la kuvaa wakati wa kusimama, glavu za pili, miwani ya theluji, chupa ya chai ya robo tatu lita, maji nusu lita au lita moja, chakula, vifaa vya huduma ya kwanza, taa ya kichwani, mfuko wa dharura wa kulalia, na vifaa vya matengenezo: bisibisi yenye vichwa vinavyoingia kwenye mafungio yako (yale yanayoshika kiatu kwenye skii), waya, utepe wa gundi, na mikanda miwili mitatu ya mpira kama ile ya kampuni ya Voile. Ukifika kileleni, ngozi za kupandia (zile zinazobandikwa chini ya skii zisiteleze kurudi nyuma) nazo zinataka mahali, kisha helmeti inashuka kutoka begini kwenda kichwani.

Vyote hivyo vinaingia kwenye lita 22 mwezi wa Aprili, jaketi likiwa jembamba na kila kitu kikipangwa kwa zamu. Januari haviingii, na hapo ndipo tabia mbaya inapoanza. Mwenye begi dogo huning'iniza jaketi nje, akaliacha kwenye tawi la msonobari, au hulibakiza kwenye gari. Mtu aliyevunjika mguu saa nane mchana kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, akisubiri helikopta au machela, anahitaji kila jaketi lililopo kwenye kundi.

Kwa hiyo hukumu yetu iko wazi: anayenunua begi moja tu anunue la lita 28 hadi 32 lenye mikanda ya pembeni inayokaza kweli. Begi la lita 30 likiwa nusu tupu na likakazwa, linakaa vizuri mgongoni. Begi la lita 22 lililojaa haliongezeki.

Lile jepesi lina watu wake. Baadhi ya mabegi ya mbio za skii ya mlimani yako chini ya gramu 500, na ya kawaida ya lita 22 yako kati ya gramu 600 na 1,000. Yanamfaa anayepanda na kushuka mara tatu nne kwenye mteremko ule ule karibu na gari, au anayepanda kwa lifti ya skii kisha anatoka nje ya kamba za njia zilizosawazishwa kwa saa mbili. Ubaya wake unajitokeza mzigo ukizidi kilo sita au saba. Hakuna bamba la mgongoni la kushikilia umbo, mkanda wa kiunoni ni utepe tu, uzito wote unaning'inia mabegani. Kitambaa chembamba nacho hakipendi makali ya skii. Angalia kama pale skii zinapogusa pameongezwa kitambaa kizito.

Lita 35 na zaidi unazihitaji ukivuka barafu ya kudumu, kama ilivyo juu ya Chamonix au Zermatt, maana hapo kuna kamba, mkanda wa kupandia, kramponi (meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu) na shoka la barafu. Bila barafu ya kudumu, lita 35 za safari ya siku moja hujazwa vitu ambavyo havikuhitajika.

Lita za lebo zisikuamulie. Kampuni moja huhesabu mifuko yote ya nje, nyingine huhesabu tumbo kuu peke yake. Beba vitu vyako hadi dukani ukavipakie.

Kufungulia juu au kufungulia mgongoni

La kufungulia juu, kwa zipu au kwa mdomo wa kukaza na kifuniko, ni jepesi, halina zipu ndefu ya kuharibika, na linapokea mzigo uliozidi kidogo. Tatizo ni kitu cha chini kabisa: ukikihitaji, vyote vinatoka vikalala kwenye theluji.

La kufungulia mgongoni lina zipu ndefu inayozunguka bamba la mgongo. Unalilaza begi kifudifudi, mikanda ya mabegani ikitazama mbinguni, unafungua kama sanduku na kuona kila kitu. Faida mbili: upande unaokugusa haulali thelujini, na unaweza kufungua huku skii au ubao wa theluji vikiwa vimefungwa nje. Kwa mtu wa ubao faida ya pili si ya ziada, ndiyo sababu ya kulinunua. Deuter Freerider na Osprey Kamber ni mifano ya mpangilio huu. Gharama yake ni gramu mia mbili tatu, na zipu inayotaka kupigwa brashi kuondoa theluji kabla ya kuvutwa.

Kubeba skii: mshazari au herufi A

Kuna sehemu za mlima ambako skii zinavuliwa na mtu anapanda kwa viatu. Njia ya mshazari ni hivi: skii mbili zinabanwa pamoja, mikia inapitishwa kwenye kitanzi cha chini karibu na nyonga mpaka fungio likalie kitanzi, kisha ndoano ya juu inazishika karibu na bega la upande wa pili. Inachukua chini ya dakika, na kwenye baadhi ya mabegi mepesi hufanyika bila kuvua begi. Kasoro yake ni kwamba uzito unaelemea upande mmoja, na skii pana za milimita 110 chini ya kiatu hugonga shavu la mguu kila hatua usipokaza vizuri.

Njia ya herufi A huweka skii moja kila ubavu, ncha zikafungwa pamoja juu kwa mkanda wa mpira. Uzito umegawanyika sawa, hivyo kwa mpando mrefu wa saa nzima ni bora. Lakini inachukua muda kufunga, inaziba mifuko ya pembeni, viwiko vinagonga, na kwenye kijia chenye miti unanasa kushoto na kulia. Kwa siku moja, tungetaka begi lenye mshazari mzuri kuliko lenye A nzuri. Likiwa na zote mbili, heri.

Ubao wa theluji una sharti jingine. Ubao mzima una upana wa sentimita 25 hivi na mafungio yametokeza, kwa hiyo unasimamishwa wima katikati ya begi kwa mikanda miwili, mmoja juu na mmoja chini ya mafungio. Hapo unafunika mfuko wa uokoaji wote. Ndiyo maana mtu wa ubao achague begi ambalo mikanda hiyo inafunguka kwa klipu kubwa mbili tu, ubao ukaanguka pembeni kwa mkono mmoja. Kubeba ubao kwa kuulaza mkingamo kunasaidia kwenye uwanja wazi. Katika msitu ni kujitafutia kuzungushwa na kila mti. Mwenye ubao unaogawanyika vipande viwili kama skii hupanda nao miguuni, kwa hiyo anabeba kwa nadra, lakini akishuka ana mikongojo mikononi isiyo na kazi. Anunue mikongojo ya vipande vitatu inayokunjika hadi kuingia begini. Inayochomoza juu ya bega hunasa kwenye matawi na kwenye viti vya lifti.

Puto: linafanya nini, halifanyi nini

Wazo lilianza Bavaria, Ujerumani, miaka ya 1970, pale mlinzi wa misitu Josef Hohenester alipogundua kwamba akiwa na mnyama aliyewindwa mgongoni, poromoko humwacha juu. Peter Aschauer alinunua haki ya uvumbuzi huo mwaka 1980, na mwaka 1985 kampuni yake ya ABS ikaonyesha begi la kwanza. Kinachofanya kazi ni ukubwa kuliko kuelea. Tikisa sinia la mchele: chenga zinazama, punje nzima zinapanda juu. Mtu aliyeongezewa lita 150 hadi 200 za puto anakuwa ile punje kubwa katikati ya theluji inayotiririka.

Utafiti ulioongozwa na mtafiti wa maporomoko Pascal Haegeli, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba miongoni mwa walionaswa sawasawa na poromoko, vifo vilikuwa asilimia 22 bila puto lililojaa na asilimia 11 kwa waliokuwa na puto lililojaa. Ni nusu, na si haba. Ila utafiti huo huo ulikuta puto moja kati ya matano halikujaa, na sababu kubwa, karibu asilimia 60 ya hizo, ni kwamba mwenyewe hakuvuta kishikio. Mengine yalitokana na matunzo mabovu, mtambo kushindwa, au puto kuchanika.

Puto halikulindi na mti wala jabali. Nchini Canada karibu robo ya vifo vya maporomoko vimetokana na majeraha, si kukosa hewa. Halisaidii pia kwenye bonde jembamba, ambako theluji inajirundika juu yako baada ya mwendo kwisha: punje kubwa haipandi tena kama sinia limesimama. Mwenye euro 900 ambaye hana transiva ya antena tatu, beleshi, fimbo na kozi ya siku mbili, anunue hivyo kwanza, na atabaki na chenji.

Ukishaamua kulinunua, swali ni gesi au umeme.

| | Mtungi wa gesi | Umeme |
|---|---|---|
| Begi tupu la lita 30 pamoja na mtambo | takriban kilo 2.2 hadi 3 | takriban kilo 2.4 hadi 3.4 |
| Bei ya kawaida Ulaya | euro 600 hadi 900 | euro 1,000 hadi 1,400 |
| Kuvuta kwa mazoezi | kila mara ni mtungi mpya au kujaza upya | bure, chaji tu |
| Kwenye ndege | maombi na vikwazo | rahisi zaidi |
| Kinachosahaulika | mtungi kuvuja au kutofungwa hadi mwisho | kuchaji, kuwasha |

La gesi lina mtungi mdogo wa shinikizo. Ukivuta, gesi inatoka kwa nguvu na kufyonza hewa ya nje pamoja nayo, puto linajaa kwa sekunde tatu hadi tano. Ni mtambo rahisi, hauna betri ya kufa baridini. Yapo ya kujazwa tena, kama Float ya kampuni ya BCA, ambayo Marekani na Canada hujazwa kwenye maduka ya vifaa vya kuzamia. Mingine ni ya kubadilisha mtungi, na mingine hutumika mara moja. Mtungi wenye geji unasomwa: mshale uwe kwenye kijani. Usio na geji unapimwa kwa mizani ya jikoni na kulinganishwa na uzito ulioandikwa ubavuni. Fanya hivyo kila mwanzo wa msimu.

La umeme lina feni. JetForce Pro ya Black Diamond hutumia betri ya lithiamu, na baada ya dakika tatu hujitoa upepo lenyewe ili kubakiza uwazi mbele ya aliyefukiwa. Mtambo wa Alpride E2, ambao kampuni ya Scott na nyingine zinautumia, umeweka supakapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) badala ya betri kubwa: unachajiwa kwa USB kwa kama nusu saa, na betri mbili za AA zinautunza na kuuchaji upya mlimani ukishavuta. Supakapasita haidhoofishwi na baridi kama lithiamu. Tungechagua umeme kwa sababu moja inayozidi nyingine zote: mazoezi hayana gharama. Wasiovuta siku ya siku ni wale ambao mkono haujawahi kuvuta. Mwenye la gesi huogopa kutumia mtungi, akamaliza misimu mitatu bila kujaribu.

Anayesafiri kwa ndege mara nyingi naye achukue umeme. Kanuni za IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, zinaruhusu begi moja la mtungi kwa abiria kwa kibali cha shirika la ndege, lakini ukianzia Marekani mtungi lazima uwe mtupu na umefunguliwa, na kuupata wa kubadilisha ukifika si jambo la uhakika. Anayeendesha gari kutoka Zurich hadi mlimani kila Jumamosi hana shida hiyo, akiba ya euro mia kadhaa itamfaa zaidi kwenye ngozi mpya.

Kwa yote mawili, mkanda wa pajani haukwepeki. Puto linavuta juu kwa nguvu. Bila mkanda unaopita kati ya miguu begi linakupanda shingoni au linachomoka kabisa. Hakikisha kishikio kinarekebishwa urefu na kinaweza kuhamishiwa bega la mkono usioutumia sana. Soma pia maelekezo ya kubeba skii: kwenye aina nyingine njia ya A au ndoano ya mshazari inapita mahali puto linapotokea, na makali ya chuma yakikutana na kitambaa cha puto, kimekwisha. Mwisho, mtambo unakula nafasi. Begi la puto lililoandikwa lita 30 ulipakie dukani kama mengine, usishangae likikubana kama la 25.

Madogo yanayoumiza baadaye

Klipu za sumaku kifuani zinafungwa kwa mkono mmoja, raha tupu, lakini ziko jirani mno na transiva. Sumaku, simu na glavu za umeme zikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye transiva inaporusha, na 50 inapotafuta. Chagua klipu ya plastiki.

Mfuko wa maji wenye mrija huganda kwenye mrija, hata ule ulioshonewa kijumba cha joto begani, usipopuliza maji yarudi ndani kila baada ya kunywa. Chupa haina masharti.

Urefu wa mgongo ni muhimu kuliko lita. Mkanda wa kiunoni ukalie mfupa wa nyonga. Ukikalia tumbo, begi ni refu mno, na kampuni nyingi zina toleo fupi, mara nyingi likiitwa la wanawake ingawa mwanamume mfupi atafaidika nalo vile vile. Livae juu ya koti la baridi, kisha inua mkono na uiname kabisa.

Kwenye lifti ya viti, fungua klipu za kiunoni, kifuani na pajani, ulete begi mapajani, na ufiche kishikio cha puto. Mkanda mrefu unaoning'inia ukinasa kwenye kiti wakati wa kushuka, utaburutwa, kwa hiyo ncha zote zilizozidi ziviringishwe na kubanwa.

Begi la kawaida lililotumika ni ununuzi mzuri: kagua zipu, vitanzi vya skii na mishono ya mabegani. La puto lililotumika litake livutwe mbele yako, kisha uangalie kama puto limeshika upepo na kama kampuni bado inauza mitungi au vipuri vya mfumo huo. Muuzaji asiyejua mtungi ulijazwa lini, wala kukubali kuvuta, anakuuzia begi la kawaida lenye kilo moja na nusu za ziada, na bei iwe ya begi la kawaida.